Sisi Tulio Chini ya Msitu

Msitu ule tuliupanda sisi. Anayetaka kuielewa hasira yetu ya mwaka 1993 aanzie hapo. Haukuota wenyewe, na hakuna serikali iliyokuja na mikono yake kuuotesha. Kila Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikwepa, tulikwea kilima cha Gisozi na miche ya mikaratusi kwenye vikapu. Wenye nguvu walichimba, wazee walishika kamba ya kunyooshea mistari, wajawazito walituletea maji. Tulichimba mitaro mitatu inayokatisha kilima kwa upana, mmoja juu ya mwingine, ili maji ya mvua yatulie humo na ardhi iyanywe taratibu, badala ya kuteremka mbio mpaka milangoni mwetu. Udongo tuliochimbua tuliupanga kuwa tuta chini ya kila mtaro, na juu ya tuta tukapanda matete, mizizi yake iushike.

Miti ilipokua, komini, yaani halmashauri yetu, ikatuambia kwamba msitu ni mali ya umma. Tukadhani umma ni sisi. Mukankusi, mjane wa askari, alikata fito mbili za kusimamishia maharage yake, akalala selo. Alipotoka alitembea katikati ya barabara, kichwa juu, akatangaza kwamba kunguni wa komini wanauma kwa zamu kama waajiriwa. Tulicheka sana, lakini baada ya hapo hakuna aliyegusa hata tawi.

Kisha ukafika Februari wa vita. Kaskazini, upande wa Byumba, watu walitoka majumbani mwao na mikeka kichwani na mbuzi mkononi, wakaja kwa miguu kuelekea Kigali. Wengi walibaki Nyacyonga, kwenye kambi iliyoenea kama mji. Waliokosa nafasi huko waliendelea kutembea. Asubuhi moja tulitazama juu tukaona moshi unatoka kati ya mikaratusi yetu, mahali pengi kwa wakati mmoja, na watoto wengi ajabu wakiteremka na madumu kuja kutuomba maji.

Tuliwapa. Lisemwe hilo kwanza. Tuliwapa maji na maharage na nguo, na wanawake wetu walilia pamoja na wanawake wao. Lakini mgeni tunayemjua ni yule anayekuja na kuondoka. Hawa waliingia Machi wakiwa bado juu yetu, na msitu ukaanza kupungua. Walikata miti ya kujengea, wakakata ya kupikia, wakakata ya kuuza mjini wapate chumvi. Mkaratusi ukikatwa, kisiki huchipua tena, na kwa muda tulijipa moyo hivyo. Mvua za kwanza zilipoanza wakaanza kung'oa visiki, maana kisiki huwaka hata kikiwa na unyevu. Mlinzi wa msitu alitazama siku chache, akaliacha koti lake la kazi dukani kwa Shami, akarudi kwao.

Shami alikuwa mwenye duka letu pekee, Mwislamu wa Biryogo ambaye babu yake alifika Rwanda na wafanyabiashara wa pwani. Kwake ndiko tulikokaa jioni na kulalamika, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kila lugha kwa lawama zake.

"Leo wameondoka na ule wa kona," alisema Shami. "Ule niliupanda kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeupa jina la mama mkwe."

"Kwa kumheshimu?" aliuliza Mukankusi.

"Kwa sababu haukukua na haukufa."

"Basi mkeo ashukuru umekatwa."

"Mke wangu ndiye aliyelia, mama. Mimi nilinyamaza tu, nikawauzia chumvi."

Yule ambaye hakucheka alikuwa Gasana. Alikuwa seremala, mtu mrefu aliyezoea kuinama, na nyumba yake ya matofali mabichi, yenye vigae alivyovipandisha kimoja kimoja juu ya paa, ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Ukuta wake wa nyuma ulitazamana na mtaro wa tatu, ule wa chini kabisa. Na watu wa kambi walikuwa wameupenda mtaro huo kuliko mahali pengine popote. Ulikuwa nusu ya nyumba iliyokwisha kuchimbwa: unalaza fito kutoka ukingo mmoja hadi kwenye tuta, unatandika shitingi, lile turubai la plastiki la msaada, juu, na upepo haukupati. Wakaujaza udongo na majivu ili sakafu iwe sawa, wakalala humo familia baada ya familia, kilima kizima kwa upana. Matete ya kwenye tuta waliwapa mbuzi.

"Miti waichukue," alisema Gasana. "Mimi nahitaji mtaro tu. Mvua kubwa ikija, maji hayatakuwa na pa kukaa. Yatakuja kwangu."

"Basi nenda ukawaambie," mtu mmoja alimjibu.

Gasana aliyatazama mabega ya shati lake, akapangusa vumbi la mbao. Wote tulijua kwa nini hakwenda. Kwa lile neno la kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, hakuwa mtu wa kupaza sauti mwaka ule. Watu wa kambi walikuwa wamewakimbia wapiganaji ambao redio iliwaita ndugu zake, ingawa yeye hakuwa na ndugu zaidi ya dada mmoja muuza vitunguu. Angesema neno moja dhidi ya kambi, kesho yake angeitwa kibaraka wa adui, na waliokuwa wameitwa hivyo kabla yake tuliwafahamu. Baadhi yao hatukuwaona tena.

Kwa hiyo Mukankusi alisema, "Nitakwenda mimi. Mume wangu alikufa akiwa amevaa sare ya serikali. Waniite kibaraka tuone."

Alikwenda kwa konseye wa sekta, diwani wa eneo letu, na sisi tukamfuata, Gasana akiwa nyuma kabisa. Konseye alitupokea kwenye kibaraza cha ofisi yake. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na kwa haki tuseme kwamba hakutukaripia.

"Mnataka niwapeleke wapi?" alituuliza. "Mama, ukipata kilima kisichokuwa na mtu njoo uniambie. Mimi mwenyewe nitahamia huko."

"Hatujasema waondoke. Tunasema mtaro ufunguliwe."

"Waliolala humo watalala wapi?"

"Wewe ndiye konseye."

"Naam. Ndiye mimi." Alivua miwani yake, akaipangusa kwa tai. "Na hili hasa ni lalamiko la nani? Nyumba ya nani iko chini ya mtaro?"

Konseye alinyanyua macho, akapita juu ya vichwa vyetu mpaka akamfikia Gasana, akatulia hapo muda ambao haukumpendeza yeyote.

"Ni langu," alisema Mukankusi. "Nyumba yangu inafuata."

"Inafuata. Sawa." Akavaa miwani. "Jumamosi mfanye umuganda wenu huko juu. Fungueni mtaro. Msimguse mtu, na msitoboe shitingi hata moja. Zile ni za wazungu wa msaada, wanakuja kuziangalia. Na nyie," alisema bila kumtazama Gasana, "wengine wenu mngefanya vizuri kutosema sana."

Jumamosi tukapanda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia iliteleza. Kiongozi wa kambi alitungoja kwenye ukingo wa msitu, au wa kile kilichobaki, amesimama kati ya visiki na koti lililompwaya. Jina lake lilikuwa Révérien. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akautazama mtaro, akautazama kama mtu anayesoma.

"Mmeuchimba vizuri," alisema. "Kwetu tulichimba kwa upana huu huu. Nilikuwa msimamizi wa umuganda miaka mingi."

"Kwa hiyo unajua unachofanya," alisema Mukankusi.

"Najua."

"Na unakifanya."

"Nakifanya, mama. Ningekuwa sijui, ningelala vizuri zaidi."

Tulikuwa tumejiandaa kugombana. Tulikuwa na maneno tuliyoyanoa wiki nzima, na yule mzee akatuondolea pa kuyapigia. Aliita vijana wake, wakaanza wenyewe kukunja shitingi. Familia moja moja ilibeba mikeka yake ikahamia juu zaidi, kwenye mteremko mkali ambako miguu ya watoto ilikuwa ikiteleza wakiwa wamekaa. Tukachimba. Tulitoa majivu, mifupa, vitambaa, viatu vya mguu mmoja. Kikundi kimoja kilianzia upande wa Shami na kingine upande wa Mukankusi, tukaja tukikaribiana, na kufikia saa nne kilibaki kipande kimoja tu cha katikati. Kilikuwa juu ya nyumba ya Gasana.

Hapo Révérien alisimama mbele ya shitingi ya mwisho, akakunja mikono.

"Hii niachieni," alisema. "Mke wa mwanangu yumo. Amejifungua juzi."

Majembe yakashuka. Hakuna kilima katika Rwanda ambako mtu angehitaji kuelezwa zaidi. Mzazi akishajifungua hulala ndani, hatolewi nje, wala mtoto hatolewi, mpaka siku ya nane watoto wa majirani wanapoitwa kula na kumpa jina. Kumfukuza mwanamke kitandani pake kabla ya hapo ni jambo ambalo watu walikuwa hawajalifanya hata kwa adui. Waliotuzaa walizaliwa hivyo, na sisi pia.

Mukankusi aliinama akaingia. Tulimsikia akisema jambo kwa sauti ya chini, kisha sauti nyingine ikimjibu, changa na iliyokauka. Alipotoka alikuwa amevuliwa ukali wake.

"Ni msichana," alisema. "Mama yake anaitwa Nyiransabimana. Anasema mumewe alibaki nyuma kutafuta ng'ombe, na mpaka leo hajui." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Godoro lao ni majani yetu ya mikaratusi."

Tukamgeukia Gasana. Nyumba ilikuwa yake, na kipande kilichobaki kilikuwa juu yake. Vijana wa kambi nao walimgeukia, na miongoni mwao walikuwapo walioshika mapanga ya kukatia fito. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamani kuwa mahali pa Gasana wakati ule.

"Tungoje wampe jina," alisema.

"Na mvua?" aliuliza Shami.

"Wiki hii imekuwa ya kiasi."

Révérien alimshika Gasana mkono, akaushikilia. "Siku ya jina ikipita, asubuhi yake nitakuchimbia mimi mwenyewe," alisema. "Wewe utakaa tu unitazame."

Tukarudi nyumbani tumeridhika. Hilo ndilo linalotuuma hadi leo. Tulijiona watu wema na wenye akili, tuliofanya kazi na tukaheshimu mila, na hakuna aliyesimama kwenye mteremko akaiangalia kazi yetu kwa macho ya maji. Kabla hatujapanda, mtaro wote ulikuwa umejaa, na mvua ilikuwa ikiteremka nyembamba nyembamba, kidogo kwa kila mtu. Sasa tulikuwa tumefungua mabawa yote mawili na kuacha kizibo cha udongo katikati. Maji ya upande wa Shami na maji ya upande wa Mukankusi yangejaa, yakasimama, yakatafuta pa kutokea. Nasi tulikuwa tumeyaandalia mahali.

Siku zile za kungoja hazikuwa mbaya. Générose, mke wa Gasana, alianza kupanda kila asubuhi na uji wa mtama kwa yule mzazi. Mukankusi alimpelekea kanga. Gasana alipigilia kitanda kidogo cha mabaki ya mbao, akakipeleka, akakiacha nje bila kubisha. Dukani malalamiko yalipungua mpaka Shami akasema biashara imekuwa baridi, watu hawakai tena kununua sigara wakikasirika.

Siku ya jina tulipanda tena, safari hii na sufuria. Mukankusi alibeba maharage, Générose pombe ya mtama, Shami akaleta maandazi na kuwakumbusha wote kwamba yeye pombe haimhusu ila sukari imo kwenye maandazi. Watoto wetu na watoto wa kambi walikuwa wamekwisha kuchanganyika wakati sisi bado tunasalimiana.

Mila yenyewe ni ya kuchekesha, na iliundwa hivyo makusudi. Watoto hupewa vijembe, hupelekwa kulima kipande kidogo cha ardhi, kama kwamba wanamtafutia mtoto mchanga riziki yake ya kwanza. Wakiwa wanalima, mtu mzima hupita nyuma yao akawanyunyizia maji na kupiga kelele kwamba mvua imekuja. Watoto hutupa vijembe, hukimbilia ndani, hula pamoja kwenye ungo mmoja, kisha kila mmoja hutaja jina.

Lakini wapi pa kulima? Kilima chote kilikuwa kimekanyagwa kikawa kigumu kama sakafu. Mtoto mmoja alijaribu kati ya visiki, kijembe kikaruka. Halafu mwingine akagundua udongo laini, uliokuwa hauna jani wala mzizi, karibu kabisa na mlango wa shitingi ya Nyiransabimana. Lilikuwa tuta la mtaro. Wote wakalivamia.

Walilima vizuri, kwa bidii, kama watoto wanavyolima wakitazamwa. Udongo uliruka. Kwenye lile tuta lililopoteza matete yake waliacha tundu, kisha handaki, upana wa mlango.

Gasana aliona. Tulimwona akiona. Alisogea hatua moja, akafungua mdomo. Upande wa pili wa watoto, Révérien naye alikuwa ameacha kutabasamu. Yule mzee aliyekuwa msimamizi wa umuganda alijua tuta ni nini kuliko sisi sote. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watoto. Kuzuia watoto wanaolimia jina ni kumkatia mtoto riziki, na angezuia babu, ingesemwa kwamba hakumtaka mjukuu. Angezuia Gasana, mtu mwenye kitambulisho kile, ingesemwa neno ambalo halifutiki. Révérien akatazama chini. Gasana akafunga mdomo.

Halafu Mukankusi akachota maji kwa kibuyu, akawarushia, "Mvua, mvua, wakulima wavivu, mvua imekuja," na watoto wakatawanyika wakipiga mayowe ya furaha.

Walikula mpaka ungo ukang'aa. Wa kwanza kutaja jina alikuwa binti wa Shami, aliyesema mtoto aitwe Nyirashitingi, mama wa shitingi, na kambi nzima ikacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mwingine akasema Jumamosi. Mdogo kabisa, mdomo umejaa, akasema Maharage. Tulimtazama Nyiransabimana, aliyekuwa amekaa mlangoni, nje kwa mara ya kwanza, mtoto kifuani, na hata yeye alikuwa anacheka kwa kuficha meno. Mwishowe Révérien alisimama kutoa jina la kweli. Akasema angempa la mama yake mwenyewe, aliyekataa kuondoka kaskazini, akabaki mlangoni na fimbo yake. Akalitaja, na ngurumo ikapita juu yake.

Mvua ya kweli ilikuja bila manyunyu ya kwanza. Tulijibana chini ya shitingi, wa juu na wa chini pamoja, magoti kwa magoti.

"Mama Mukankusi," alisema Shami, "ulinyunyiza kwa nguvu mno."

Tulicheka. Bado tulikuwa tunacheka tulipogundua kwamba Gasana hayumo.

Alikuwa nje, kwenye tuta, na jembe la mtu. Révérien alikuwa naye, koti limemganda mwilini. Mmoja alichimba upande huu akatupia udongo kwenye lile tundu, mwingine alichimba upande ule, na kila walichotupa kiliyeyuka kabla hakijagusa chini. Mtaro wetu, tulioufungua kwa mikono yetu, ulikuwa umejaa kulia na kushoto, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, yanapanda. Yalifika kwenye lango lililolimwa na watoto. Hayakuruka. Yaliinama tu, yakapita.

Tulitoka na chochote tulichoshika. Tulichimba kwa sufuria, kwa ungo, kwa viganja. Tundu likawa mlango, mlango ukawa barabara, na Révérien alipotumbukia mpaka kiunoni ni Gasana aliyemvuta kwa kola. Kisha Gasana alitupa jembe. Alisimama akatazama chini, nasi tukatazama alikotazama.

Ukuta wa nyuma ulilowa kwanza, ukabadilika rangi kuanzia chini kwenda juu, kama kitambaa kinavyonyonya. Tofali bichi halipasuki. Linarudi kuwa udongo. Ukuta ukakaa chini, na vigae vyote vikateremka kwa pamoja na mlio wa sahani nyingi, halafu tope likaingia kupitia nyuma na kutokea mbele, likibeba mbao zilizokuwa zimerundikwa kukauka, meza ambayo hakuwa ameimaliza, viatu vya watoto. Générose alikuwa amesimama karibu nasi na chungu chake cha pombe, kitupu. Aliwaita watoto wake kwa majina, wakamjibu wote kutoka chini ya shitingi. Akakaa kwenye kisiki. Nyiransabimana alitoka na mtoto wake mvuani, kinyume cha yote tuliyofundishwa, akaenda kukaa karibu naye.

Hakuna aliyesema ni watoto. Hakuna aliyesema ni sisi.

Konseye alikuja kesho yake akiwa na mabuti ya mpira. Alilizunguka rundo lile la udongo mara mbili na kusikitika kwa dhati.

"Nipe shitingi," alisema Gasana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba kitu kwa mkubwa.

"Shitingi ni za waliohamishwa na vita. Wanaonyesha vitambulisho vya komini za kaskazini. Wewe kitambulisho chako ni cha hapa hapa."

"Nyumba yangu pia ilikuwa ya hapa hapa."

"Ndiyo maana sina la kufanya. Hukuhamishwa na vita, Gasana. Umehamishwa na maji."

Tungemchukua. Twaapa kwamba tungemchukua. Lakini nyumba ya Mukankusi ilikuwa na watu tisa wa upande wa mumewe, nao pia waliokimbia kaskazini, wakilala mpaka jikoni. Ghala la Shami lilikuwa na mashemeji zake. Hakuna nyumba ya kilima kile ambayo haikuwa na mkeka wa ziada mwaka ule. Générose na watoto walikwenda Kicukiro, kwa dada yake Gasana, katika chumba kimoja. Gasana alibaki. Vigae vizima vilikuwa bado vipo ndani ya tope, na mbao, na milango miwili, na angeondoka usiku mmoja visingekuwepo. Alihitaji mahali pa kulala panapotazama vitu vyake, na mahali hapo palikuwa juu, kwenye msitu.

Révérien alichukua kisu, akaikata shitingi yake katikati, kitu ambacho wazungu wa msaada wangemfukuza kambini kwa ajili yake. Akampa Gasana nusu. Kijana mmoja wa kambi akasema kwa sauti, ili asikiwe, "Tumewakimbia hawa huko, tumekuja kulala nao huku?" Révérien alimwambia anyamaze. Kijana alinyamaza, lakini hakuondoka. Alikaa pale pale akinoa panga lake juu ya jiwe, na wenzake wawili wakaja kukaa naye. Gasana alikuwa ameshika nusu yake ya shitingi, ameikunja vizuri, akingoja waone kwamba amesikia na hajibu.

Jioni alikuja uani kwa Mukankusi. Misumeno yake ilikuwa chini ya tope. Alijua kwamba ule wa marehemu askari ulikuwa bado umetundikwa ukutani.

"Mama, niazime msumeno."

Mukankusi alikuwa anachambua maharage. Hakuuliza wa nini. Shitingi haisimami bila fito, na fito zilikuwa mahali pamoja tu. Alitazama juu, kwenye mistari michache iliyobaki, akaitazama miti iliyosimama nyuma ya nyumba yake, sita au saba, ambayo bado ilikuwa na mashina yake na mizizi yake. Alikwenda ndani. Alikaa huko muda. Alirudi na msumeno, ameufuta mafuta ya zamani kwa kanga yake, akaushika kwa upande wa meno na kumpa mpini.

"Gasana," alisema, "kata zile za upande wa pili. Si hizi zilizo juu yangu."

Gasana aliupokea. Akaujaribu kwa kidole gumba, kama seremala.

"Za upande wa pili ziko juu ya Shami," alisema.

Mukankusi alirudi kwenye maharage yake. Alichambua konzi moja, akaimimina, akachukua nyingine. Sisi tuliokuwa barabarani tulimwona Gasana amesimama pale uani na msumeno wa marehemu, akingoja aambiwe akate upande gani, na mama yule hakuinua kichwa.